Hasheem Thabeet kwa mizani ya Unyanyembe

Kila inapoandikwa orodha ya wachezaji walioziangusha timu zilizowachagua katika ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, jina la Mtanzania mmoja halikosekani. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, alichaguliwa wa pili katika drafti ya Juni 2009, shughuli ya kila mwaka ambayo timu hugawana wachezaji wapya kwa zamu. Aliyemtangulia ni Blake Griffin. Waliomfuata ni pamoja na James Harden, aliyechaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba, na wote wawili walikuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Thabeet alicheza mechi 224 katika misimu mitano kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7, na baada ya msimu wa 2013/14 hakuonekana tena katika mechi ya ligi hiyo. Hukumu ikatoka mapema kwamba jamaa amefeli. Huko wanaitamka kwa kicheko na huku kwetu kwa huzuni, lakini hakuna anayekata rufaa. Makala haya yanakata rufaa hiyo, na shahidi wake wa kwanza anatoka mahali ambapo mashabiki wa kikapu hawana desturi ya kupatafuta: Tabora, katika nchi ya zamani ya Unyanyembe, kwenye njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Sababu ya kwenda Tabora ni kwamba hakuna mji mwingine wa bara letu wenye kumbukumbu ndefu ya watu walioishi kwa kuuza nguvu za miili yao mbali na nyumbani, kwa mapatano na kwa ujira. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, waliukuta upagazi tayari ni kazi ya watu wenye ujuzi wao. Mwanamume wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa takribani frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, akavuka Ugogo wenye hongo, yaani ushuru wa njia, na uhaba wa maji, akafika pwani baada ya miezi kadhaa, akarudi na vitambaa na nyaya. Alipatana ujira kabla ya kuondoka na kudai posho njiani, na asipoipata alitua mzigo akagoma, au akatoroka usiku. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika utafiti wake mkubwa uliotoka mwaka 2006, anashikilia kwamba wapagazi hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira hasa, wenye mila, heshima na siasa za kazi yao. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na Tanzania ilipoipendekeza mwaka huo huo wa 2006 iingizwe katika urithi wa dunia, iliitaja waziwazi kuwa njia ya watumwa na pembe za ndovu. Tunaowaangalia hapa ni wale waliotembea kwa hiari yao, ambao mara nyingi wamefunikwa na habari za wale waliofungwa minyororo.

Ndani ya msafara huo palikuwa na mtu mkubwa pia. Pembe kubwa ya ndovu haikugawanyika kama robota la merikani. Ilitaka bega pana na shingo isiyotetereka, na aliyeibeba alijulikana kwa maringo yake. Burton anaeleza kuwa wabeba pembe walitembea mbele, karibu na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na kwenye ncha ya pembe ilifungwa kengele ya ng'ombe iliyolia kwa kila hatua. Msafiri asiye mwenyeji angeweza kudhani kwamba heshima ile ililetwa na umbo. Haikuwa hivyo. Taarifa za wakati ule zinasimulia juu ya watoto wa Unyamwezi waliopewa vipembe vidogo ili mabega yazoee, na vijana waliofuatana na baba na wajomba zao kabla hawajawa na mzigo wa kulipwa. Alfred Swann, Mwingereza aliyeishi pande hizo kwa miaka mingi, aliandika kwamba kijana hakuruhusiwa kuoa kabla hajapeleka mzigo wa pembe pwani na kurudi na mzigo wa bidhaa. Pengine alitia chumvi. Hata hivyo anatuonyesha jambo la msingi, kwamba mbeba pembe alitengenezwa na njia kwa miaka, chini ya macho ya mtu mzima aliyekwisha kuipita. Mwili wenyewe ulikuwa malighafi tu.

Sasa turudi kwa Thabeet. Aliushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, wakati akisoma Makongo, shule yenye sifa ya michezo jijini Dar es Salaam. Miaka michache baadaye alikuwa Houston, Texas, akimalizia sekondari, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Katika misimu mitatu alizuia mitupo 417, akishindwa na Emeka Okafor peke yake katika historia ya chuo hicho. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, alitajwa kuwa mlinzi bora wa vyuo vya Marekani. Dhidi ya Providence alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoizuia. Wakati huo alikuwa hajatimiza miaka saba tangu aanze kuujua mchezo wenyewe. Anayesema Thabeet hakuwa na uwezo inabidi kwanza azifute takwimu hizo.

Lakini takwimu hizo zilijengwa juu ya kanuni ambayo huku kwetu haitajwi sana. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya pete kwa muda anaotaka. NBA, tangu msimu wa 2001/02, inamkataza kukaa ndani ya eneo la rangi lililo mbele ya pete zaidi ya sekunde tatu ikiwa hamlindi mtu aliye karibu naye. Kwa mchezaji wa futi sita kanuni hiyo ni usumbufu mdogo tu. Kwa Thabeet ilikuwa sawa na kunyang'anywa nyumba. Kazi aliyoijua ilikuwa kusimama mlangoni na kuwarudisha wanaobisha hodi, na ghafla alitakiwa atoke, akimbie pembeni, arudi, ageuke, na kufanya yote hayo kwa miguu iliyokuwa na uzoefu wa miaka michache. Dalili zilikuwepo hata kabla ya drafti. Tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Connecticut ilicheza na Pittsburgh, na katikati yao alikuwamo DeJuan Blair, mfupi kwake kwa karibu sentimita ishirini. Waligombea ribaundi, mikono ikanasana, Blair akajipinda kiunoni na yule jitu akapita juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair alimaliza na ribaundi 23. Picha ile ilirudiwa kwenye televisheni hadi ikachosha, na wengi waliiona kama kichekesho. Kwa mtazamaji wa makini lilikuwa somo kuhusu nyonga: Blair alijua kuweka uzito wake chini, jambo ambalo mtu hulijifunza kwa kusukumwa na kaka zake tangu utotoni.

Memphis Grizzlies waliomchagua Thabeet walikuwa na senta tayari, yaani mchezaji mrefu wa karibu na pete, na hapa ndipo kesi ya Thabeet inapopata ushahidi wake mzito kuliko wote. Marc Gasol, Mhispania, alichaguliwa wa 48 katika drafti ya 2007, nafasi ambayo timu nyingi huichukulia kama bahati nasibu. Baada ya hapo alibaki kwao Hispania akiendelea kucheza ligi ya kulipwa, alikokwisha kupitia Barcelona na Girona, akisukumana na wanaume wa miaka thelathini, ndipo akavuka bahari mwaka 2008. Alipofika alikuwa fundi. Mwaka 2013 akawa mlinzi bora wa NBA nzima. Wa 48 akacheza, wa pili akasugua benchi. Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alipata wastani wa dakika kama 13 kwa mechi, na Februari 2010 akashushwa kwenda Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo, akawa mchezaji wa nafasi ya juu zaidi katika drafti kuwahi kushushwa hadi wakati huo. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston, halafu Portland, kisha akasajiliwa Oklahoma City. Gasol hakumzidi urefu; alikuwa mfupi kwake. Alimzidi vituo vya njiani.

Msomaji anayefuatilia kikapu amekwisha kuliandaa pingamizi lake, nalo ni zito. Hakeem Olajuwon wa Lagos alianza mchezo huu akiwa kijana wa sekondari, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984 na kuingia katika kundi la masenta bora wa nyakati zote. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alichelewa vilevile, akacheza misimu 18 na kuwa mlinzi bora mara nne. Joel Embiid wa Yaoundé alikuwa kijana wa mpira wa wavu hadi miaka 15, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Kama kuchelewa ndiko kulikomponza Thabeet, mbona hawa hakukuwaponza? Tukiwaangalia mmoja mmoja, pingamizi linageuka kuwa ushahidi wa upande wetu. Olajuwon alikuwa kipa wa soka na wa mpira wa mikono kabla ya kikapu, kwa hiyo miguu ilikwisha kwenda shule. Na alipokuwa chuoni Houston, majira ya joto alifanya mazoezi dhidi ya Moses Malone, senta mkali kuliko wote wa zama zile, aliyempiga viwiko bila huruma. Mutombo alifundishwa Georgetown na John Thompson, aliyewahi kuwa senta mwenyewe na aliyekwisha kumlea Patrick Ewing, na kila siku mazoezini alikutana na Alonzo Mourning. Aliingia NBA akiwa na miaka 25, katika timu ya Denver iliyokuwa hoi na iliyomhitaji tangu siku ya kwanza. Embiid alionwa na Mkameruni mwenzake aliyekuwa akicheza NBA, Luc Mbah a Moute, akashikwa mkono hadi Florida. Na alipoumia mguu, timu yake ilimvumilia misimu miwili mizima bila kucheza. Kila mmoja alikuwa na mtu mzima mrefu mbele yake njiani, au alikuwa na muda, au vyote viwili. Thabeet alikuwa Mtanzania wa kwanza kuifikia ligi hiyo. Nyumbani hapakuwa na kirangozi wa kumuuliza.

Pingamizi la pili ni la adabu. Kumlinganisha mtu aliyelipwa mamilioni ya dola na mpagazi aliyelipwa vitambaa kunaweza kuonekana dhihaka kwa wote wawili. Tofauti ya malipo ni kubwa, wala hakuna haja ya kuificha. Na ni kweli pia kwamba mpagazi alihatarisha uhai wake kwa ndui, njaa na vita, kama vile vya mtemi Mirambo vilivyoifunga njia mwaka 1871. Kinachofanana ni namna thamani inavyopangwa. Wote wawili waliuza mwili katika soko ambalo bei yake ilipangwa mbali, na ilibadilika bila wao kuulizwa. Bei ya pembe iliamuliwa Zanzibar, Bombay na London. Bei ya senta iliamuliwa na makocha waliogundua kwamba mtupo wa pointi tatu una faida kuliko kumlisha mtu mrefu chini ya pete. Thabeet aliingia sokoni wakati senta wa kusimama anaanza kushuka bei, na aliyechaguliwa nafasi tano nyuma yake, Curry, ndiye aliyekuja kuishusha zaidi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa safari ndefu nao walibaki na ujuzi usiokuwa na mnunuzi. Hakuna mwanahistoria anayesema walifeli.

Ndiyo maana mizani ya Unyanyembe inafaa kuliko ya drafti. Drafti humpima mtu kwa matumaini ya siku moja, matumaini ya watu wengine, halafu humdai yeye deni. Msafara ulimpima mtu kwa kufika na kurudi. Kwa kipimo hicho safari ya Thabeet inasomeka vingine kabisa. Baada ya NBA kumfungia mlango hakukaa kuomboleza. Alicheza Grand Rapids katika ligi ya maendeleo, akaenda Japani na klabu ya Yokohama, akarudi Marekani na Fort Wayne, kisha akaenda Taiwan alikovaa jezi za zaidi ya timu moja. Watakaosema hizo ni ligi ndogo watakuwa sahihi, lakini mtu asiyejituma hatafuti ligi ndogo akiwa amekwisha kulipwa na ligi kubwa. Uvivu, shutuma iliyomfuata tangu Memphis, hauelezi kwa nini mtu mwenye magoti yanayobeba sentimita 221 aliendelea kukimbia uwanjani akiwa amepita miaka 35.

Hata hivyo kumtetea yeye si kuitetea hali iliyomtoa. Hapo Ufilipino inatusaidia kuona. June Mar Fajardo, kijana wa kisiwa cha Cebu, ana sentimita 208 tu. Angetua Memphis asingemshangaza mtu. Lakini nchi yake ina ligi ya kulipwa tangu 1975, ya kwanza Asia, na ligi hiyo kwa miaka mingi imeweka mipaka ya urefu kwa wachezaji wa kigeni katika baadhi ya mashindano yake ili wenyeji wasimezwe. Fajardo alitoka chuo cha Cebu, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2012 na klabu ya kampuni ya San Miguel, akabaki huko huko na kuwa mchezaji bora mara sita mfululizo, 2014 hadi 2019. Mwaka 2020 alivunjika mfupa wa mguu, akapona, na tuzo ile ikarudi mikononi mwake mwaka 2023. Wafilipino si watu warefu na hawana senta hata mmoja wa kutikisa dunia. Walichonacho ni ngazi yenye vidato vya kutosha, kiasi kwamba kijana mrefu wa kisiwani anaweza kupanda, kuteleza na kupanda tena bila kuvuka bahari. Sisi tulikuwa na mtu mrefu kuliko Fajardo kwa sentimita 13, na ngazi yetu ilikuwa na kidato kimoja kisha ndege.

Mjini Tabora hali hiyo inaonekana bila darubini. Mji huu una mila ya shule kubwa za bweni: Tabora Boys iliyomlea Nyerere, Tabora Girls, Milambo. Mwaka 2022 uliwapokea wanafunzi wa nchi nzima katika UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, na kikapu kilikuwamo katika michezo ya sekondari. Kijana mrefu akionekana hapo hupigiwa makofi, huitwa twiga, hupigwa picha, na wiki inayofuata amerudi shuleni kwake kusukumana na wenzake wanaomfikia kifuani. Hujifunza kuinua mkono tu, kwa sababu kuinua mkono kunatosha. Ndivyo tunavyowatengeneza akina Thabeet wa mlangoni, na ndipo tunapowalaumu hawajui kutoka nje. Zipo hoja kwamba nchi yenye uhaba wa madawati haiwezi kuhangaikia watu wachache warefu, na kwamba soka lina haki ya kwanza. Hoja hizo zingekuwa na nguvu kama kinachokosekana kingekuwa fedha nyingi. Kinachokosekana ni mechi: kijana wa miaka 14 kukutana, kila wiki, na mtu mzima mkubwa kuliko yeye anayejua kazi. Msafara wa Unyanyembe uliweza jambo hilo bila bajeti ya wizara, kwa kumruhusu mtoto atembee nyuma ya mjomba wake.

Miaka ya karibuni Thabeet amerudi kucheza nyumbani, akivaa jezi ya Dar City, na vijana wa Dar es Salaam wenye mita mbili sasa wanapata kile ambacho yeye akiwa Makongo hakukipata: mgongo mpana wa kuusukuma, na mkono unaowarudishia mitupo yao hadi watafute njia nyingine ya kufunga. Wanaopata nafasi hiyo ni wale wanaoishi umbali wa daladala kutoka uwanjani. Kwa kijana wa Tabora, Urambo au Kaliua, uwanja huo uko zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na si rahisi kuona ligi ya kudumu ya watu wazima katikati ya safari inayoweza kumshusha Dodoma au Morogoro akacheza msimu mmoja, akapigwa viwiko, akaendelea.